Matawi Matatu, Paking Tatu: Mteja Wako Amwamini Nani?

Ijumaa na Jumamosi moja tulizunguka matawi matatu ya biashara moja ya vifaa vya ujenzi: Ruiru, Kitengela na Nakuru. Kazi yetu ilikuwa kuwafundisha wahudumu wa kaunta jinsi ya kuhakikisha malipo ya simu yameingia kabla mteja hajabeba mzigo. Paking haikuwa kwenye ratiba yetu hata kidogo.

Ruiru, mlinzi alitufungulia geti, akatupigia saluti, tukaegesha. Hakuna aliyetudai chochote. Kitengela, mlinzi alikuja mpaka dirishani.

"Ni hamsini, madam," akamwambia mwenzetu aliyekuwa kwenye usukani.

"Tangu lini? Ruiru ni bure."

"Ya Ruiru sijui, madam. Hapa ni hamsini."

Tukauliza tulipie wapi. Akatuonyesha kipande cha boksi kilichoandikwa namba ya simu kwa kalamu nene. "Tuma hapo tu, itafika." Tulipoiweka ile namba, jina lililotokea kwenye skrini halikuwa la duka. Lilikuwa la mtu. Tukaghairi, tukalipa keshi, hatukupewa risiti.

Nakuru tulidaiwa mia moja. Huko angalau kulikuwa na stika ya Till ya duka, lakini jua lilikuwa limeipausha hivi kwamba tarakimu ya mwisho ungeweza kusema ni 3 au 8, yote sawa.

Duka ni lile lile. Rangi ya ukuta ni ile ile, t-shati za wahudumu ni zile zile, na mfuko wa simiti unauzwa bei moja kote. Lakini ukifika getini, kila tawi lina serikali yake.

Tulimwambia mwenye biashara. Akacheka kidogo, akasema, "Paking? Hiyo ni kazi ya mlinzi." Wiki mbili baadaye tukasikia mlinzi wa Kitengela amefutwa kazi kwa sababu ya pesa za paking. Yeye alijitetea kwamba ile namba alipewa na msimamizi aliyekuwa hapo kabla, akaambiwa aitumie Till ikikataa. Msimamizi mwenyewe alishaondoka. Hakukuwa na karatasi, hakukuwa na bango, hakukuwa na agizo lolote la maandishi la kuonyesha nani anasema kweli.

Hatujui kama aliiba. Linalotusumbua ni kwamba hata aliyemfuta kazi hajui. Ndiyo maana leo tunaandika juu ya paking, hata kama wengi wenu mlikuja hapa kusoma mambo ya PIN na salio.

Msimamo wetu

Ukiwa na biashara yenye matawi zaidi ya moja, paking zako zote zinapaswa kufanana kwenye vitu vitano: bei inavyotangazwa, bango, njia ya kulipa, risiti, na mtu wa kupokea malalamiko. Hivi vitano vikitofautiana, mteja anaumia kidogo, wewe unaumia zaidi, na mlinzi ndiye anayeumia kabisa.

Tunajua wenye biashara wengi wataona hili ni jambo dogo. Mtu anahangaika na kodi, mishahara na bidhaa, halafu vijana wa masoko wanamletea habari za mistari ya rangi nyeupe! Lakini fikiria njia anayopita mteja. Kabla hajaiona bidhaa yako, ameliona geti. Kabla hajazungumza na mhudumu uliyemfundisha kwa pesa zako, amezungumza na mlinzi ambaye hukumfundisha chochote. Na akimaliza kununua, wa mwisho kumwona ni yule yule mlinzi. Mwanzo na mwisho wa ziara yake vyote viko paking.

Kufanana sio kupiga kopi

Tuliposema paking zifanane, meneja mmoja alituuliza kama tunataka matawi yote yawekwe kabro. Hapana. Ardhi haifanani, na ukiilazimisha ifanane utatupa pesa.

Kitengela sehemu kubwa ni udongo mweusi, ule tunaouita black cotton. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa. Ukiweka lami au kabro juu yake bila kuuondoa au kuujengea msingi mzuri, baada ya misimu miwili ya mvua paking itakuwa na mawimbi kama bahari. Ruiru ni udongo mwekundu, shida yake kubwa ni matope na rangi nyekundu inayoingia mpaka dukani na viatu vya wateja. Nakuru ni udongo wa volkano, mwepesi, na maji yakipata njia yanaubeba haraka. Na ukiwa na tawi Mombasa, chumvi ya hewa ya bahari italila geti lako la chuma mapema kuliko geti la Nairobi.

Kwa hiyo ukarabati lazima ufuate mahali. Kabro ina faida moja kubwa: bomba likipasuka chini, unang'oa vipande, unatengeneza, unavirudisha. Lami inataka shimo lizibwe likiwa bado dogo, kwa sababu maji yakishaingia chini shimo la sahani linakuwa shimo la karai. Maram ni rahisi kuanza nayo, lakini inahitaji kusawazishwa na kushindiliwa tena baada ya mvua. Mitaro yote isafishwe kabla ya mvua ndefu za Machi na kabla ya mvua fupi za Oktoba, sio baada ya gari la mteja kukwama.

Kinachopaswa kufanana ni ahadi: kwamba popote nitakapoona jina la duka hili, nitapata mahali pakavu pa kushukia, mistari inayoonekana, taa usiku, na maelezo yale yale. Nafasi ya gari dogo iwe kama mita 2.5 kwa 5 kote. Nafasi ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu iwe pana zaidi, kama mita 3.6, iwe karibu na mlango, na isigeuzwe stoo ya nondo na simiti kila tawi likijaa mzigo. Boda boda wapewe sehemu yao iliyochorwa, kwa sababu wasipokuwa na sehemu watasimama mlangoni, na hapo usimlaumu mtu.

Hesabu ya hamsini hamsini

Turudi kwenye pesa. Tuchukulie tawi moja linapokea magari 25 yanayolipa kwa siku, kila moja 50 bob. Hiyo ni 1,250 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 32,500 kwa mwezi.

Sasa tuseme kati ya kila magari matano, moja linalipa kwa njia isiyoacha alama: keshi bila risiti, au namba ya mtu binafsi. Hayo ni magari matano kwa siku, 250 bob, na kwa mwezi 6,500. Ukiwa na matawi matatu ya namna hiyo, ni 19,500 kila mwezi ambazo huwezi kusema zilienda wapi. Hiyo pesa ingenunua rangi ya mistari, balbu, na bango jipya kwa kila tawi, na chenji ikabaki.

Tena hapo tumehesabu pesa tu. Hatujamhesabu mteja ambaye alidaiwa 100 Nakuru baada ya kuegesha bure Ruiru, akajiambia moyoni, "Hawa wananiibia," akaenda duka la jirani. Huyo haandiki barua ya malalamiko. Haonekani tena, basi.

Njia moja ya kulipa, matawi yote

Hapa ndipo kazi yetu inapoingia, kwa hiyo tutakuwa wazi kabisa.

Ukitumia namba ya Till, mteja anaweka namba ya Till, kiasi na PIN. Hakuna sehemu ya akaunti. Kwa hiyo ukitaka kujua pesa imetoka tawi gani, kila tawi liwe na Till yake, na zote ziwe chini ya jina la biashara. Till ya paking isiwe ile ya kaunta. Ukizichanganya, jioni utakaa na meneja mkibishana kama hii 100 ni ya paking au ni ya misumari.

Ukitumia Paybill, mteja anaweka pia namba ya akaunti. Hii inasaidia sana mwenye matawi mengi: Paybill inakuwa moja kwa biashara nzima, na kwenye akaunti mteja anaandika herufi za tawi pamoja na namba ya gari. Kwa mfano tawi la Nakuru liwe NK, la Kitengela liwe KT. Ukifungua ripoti yako unaona kila gari limelipia wapi na saa ngapi. Bango linakuwa na namba ile ile kote, kinachobadilika ni zile herufi mbili tu. Mteja aliyelipa Ruiru jana, leo akifika Nakuru anajua la kufanya bila kufundishwa.

Ipi ni bora? Kwa paking yenye magari mengi na matawi zaidi ya mawili, sisi tunapendelea Paybill. Kwa matawi mawili madogo, Till mbili zinatosha. Lakini ukishachagua, chagua kwa matawi yote. Tawi moja Till, lingine Paybill, la tatu namba ya simu ya mtu: huo ndio mlango ambao tapeli anautafuta. Mteja aliyezoea njia moja atashtuka akionyeshwa nyingine. Mteja aliyezoea kuona kila mahali ni tofauti hatashtuka na lolote, hata akionyeshwa namba ya mwizi.

Halafu bango. Lichapishwe, lisiandikwe kwa mkono. Liwekwe juu, mahali ambapo mtu hawezi kubandika stika yake juu ya yako, hasa kama unatumia msimbo wa QR, maana msimbo mmoja na mwingine kwa macho ni kitu kimoja. Liandikwe jina la biashara jinsi litakavyotokea kwenye meseji. Na chini kabisa liandikwe sentensi hii, kwa herufi kubwa: HATUPOKEI MALIPO KWA NAMBA YA MTU BINAFSI.

Mlinzi alinde, asikusanye

Wengine watasema tunataka pesa ziondoke mkononi mwa mlinzi kwa sababu walinzi ni wezi. La hasha. Tunataka ziondoke ili asiitwe mwizi.

Mtu anasimama getini saa kumi na mbili. Unampa kazi ya kufungua geti, kuangalia magari, kuelekeza wateja, kukagua mizigo, halafu unamwongezea kukusanya pesa bila kitabu, bila risiti, bila maandishi. Siku hesabu ikikataa, wa kwanza kuangaliwa ni yeye. Hana pa kujificha, wala hana cha kuonyesha. Malipo yakienda moja kwa moja kwenye akaunti ya biashara, rekodi yenyewe inamtetea. Meneja akimtilia shaka, anafungua ripoti, anaona.

Tumesikia pingamizi la kwanza: mtandao ukilala je? Simu ya mteja ikizima je? Ni swali zuri, na tunadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika kule Kitengela. Till ilikataa siku moja, mtu akatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ikageuka desturi. Jibu letu ni kwamba njia ya dharura lazima iandikwe mapema, na iwe moja kwa matawi yote. Kwa mfano: mtandao ukilala, mteja analipa keshi kwenye kaunta, anapewa risiti yenye nambari, anamwonyesha mlinzi. Kaunta ikiwa imefungwa, mlinzi anaandika namba ya gari na saa, geti linafunguliwa, na biashara inakubali hasara ya hiyo hamsini. Ni nafuu kupoteza hamsini kuliko kufundisha wateja kwamba namba ya mtu binafsi ni sawa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: matawi hayana mazingira sawa. Meneja wa Nakuru alituambia duka lake liko mjini katikati, watu wanaegesha pale halafu wanakwenda zao sokoni nusu siku, na wateja wake wanakosa nafasi. Ruiru hana shida hiyo. Kwa nini atoze sawa na Ruiru?

Tumekubali hoja yake. Bei inaweza kutofautiana. Lakini sababu isiwe siri, na kanuni iwe moja. Unaweza kusema hivi kwa matawi yote: mwenye risiti ya dukani anaegesha bure saa moja, asiyenunua analipa kiasi kilichoandikwa kwenye bango la tawi hilo. Mteja akiona mia moja Nakuru na hamsini Kitengela, lakini mabango yanafanana na kanuni ni ile ile, hatahisi kwamba bei imetoka kinywani mwa mlinzi.

Ukaguzi mmoja, siku moja

Maneno mazuri yanaoza haraka. Kitakachoyaweka hai ni ukaguzi usio na mbwembwe. Pendekezo letu: Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, meneja wa kila tawi apige picha akiwa amesimama mahali pale pale kila mara, azitume kwenye grupu la mameneja:

- bango la bei na malipo, likisomeka mpaka tarakimu ya mwisho;
- mistari ya maegesho, na nafasi ya watu wenye ulemavu ikiwa wazi;
- mtaro na sehemu maji yanapotuama;
- shimo au kabro iliyolegea, hata iwe ndogo;
- taa zikiwa zimewaka, picha ipigwe jioni.

Siku hiyo hiyo alinganishe idadi ya magari kwenye kitabu cha geti na malipo yaliyoingia kwenye ripoti. Ukiziweka picha za matawi matatu pamoja, huhitaji mshauri. Tawi lililolala litaonekana lenyewe.

Na hapo kwenye kitabu, neno moja. Namba ya simu ya mteja ni taarifa yake binafsi, na namba ya gari inayoweza kumtambulisha nayo ni hivyo hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda. Kitabu kisiachwe wazi getini kila mpita njia akasoma. Na usizichukue zile namba ukaanza kutuma matangazo ya ofa bila idhini. Sisi ni watu wa masoko, tamaa hiyo tunaijua vizuri. Izuie.

Na wewe unayelipa

Kama huna duka hata moja, una gari tu, au unatumwa na gari la bosi, haya ni yako.

Ukiambiwa ulipe paking, uliza bango liko wapi. Soma jina la anayelipwa kabla ya kuthibitisha, na ulisome tena kwenye meseji. Likiwa ni jina la mtu na wewe umeegesha kwenye biashara, simama hapo, omba kulipia kaunta. Usimpe mtu simu yako "akusaidie kuweka namba", na PIN ni yako peke yako hata kama foleni nyuma yako inapiga honi. Meseji ihifadhi mpaka utoke getini. Ndiyo risiti yako. Na kumbuka, paking iliyoko ndani ya geti la duka na ile ya barabarani ya kaunti ni vitu viwili. Kulipia moja hakulipii nyingine.

Na tafadhali, zungumza na mlinzi kwa heshima. Mara nyingi anarudia alichoambiwa.

Tulipofikia

Yule mwenye matawi matatu ametusikiliza. Mabango mapya yamefika, yanafanana, na Paybill ni moja. Ruiru bado ni bure kwa wote, na imeandikwa hivyo, ili asitokee mtu wa kuanza kudai. Kitengela wameziba mashimo, msingi wenyewe watauangalia baada ya mvua.

Tulimwomba amtafute yule mlinzi aliyemfuta, wakae chini, wasikilizane upya. Akasema alijaribu, namba haipatikani. Labda ni kweli. Lakini bango hilo hilo lingekuwepo mwezi mmoja mapema, huenda yule baba angekuwa bado anafungua geti.

Kwa hiyo ukiwa na tawi zaidi ya moja, Jumatatu usiingie na gari lako ambalo walinzi wote wanalijua. Panda boda, ama uazime gari la rafiki. Nenda matawi yako yote kama mteja, uegeshe, udaiwe, ulipe, uombe risiti. Utakachokutana nacho getini ndicho wateja wako wanakutana nacho kila siku.